Ngitili ya Dutwa: nani alipe gharama ya kusubiri?

Mwezi wa nane mwaka jana baba mdogo alinipigia simu kutoka Dutwa. Hakuzunguka. "Kikao cha ukoo ni Jumamosi ya wiki ijayo. Ajenda ni moja tu, ngitili. Watu wanataka kuilima. Uje mwenyewe, usitume salamu."

Kwa msiopafahamu, Dutwa ni kata ya wilaya ya Bariadi, mkoani Simiyu. Ukitoka Mwanza kwa barabara ya kwenda Musoma, ukifika Lamadi unakata kulia, unaliacha ziwa mgongoni, na kabla hujafika Bariadi mjini utapita Dutwa. Ni nchi ya pamba, ng'ombe, dengu na viazi vitamu. Mvua ikikubali, watu wanacheka. Ikikataa, maongezi yanakuwa mafupi.

Na ngitili ni nini? Ni eneo la nyasi na miti ambalo familia au kijiji kinalifunga mvua zinapoanza. Mifugo haiingii mpaka kiangazi kikomae na malisho ya nje yaishe. Hapo ndipo linafunguliwa, tena kwa sehemu, siyo lote kwa mpigo. Wanaotangulia ni ndama, ng'ombe wa maziwa, maksai wa kulimia na wanyama waliodhoofika. Wengine wasubiri. Ni benki ya nyasi, kwa kifupi, na Wasukuma walikuwa nayo kabla hatujawa na benki ya kitu kingine chochote. Zamani aliyeingiza ng'ombe humo kabla ya siku alishtakiwa mbele ya dagashida, baraza la jamii, na kutozwa faini.

Yetu ina ekari 14. Aliifunga babu. Ina migunga mingi, mikwaju mitatu mikubwa, na kisima kidogo upande wa chini ambacho kinachelewa kukauka. Mimi naishi Dar es Salaam na sina hata mbuzi. Lakini niliposikia neno "kuilima", nilijisikia kama mtu aliyeambiwa kwamba nyumba waliyozaliwa wazazi wake inabomolewa. Basi nikakata tiketi, na njiani nikaanza kupanga utetezi wangu. Utetezi wenyewe ulikuwa wa historia, kwa sababu historia ndiyo kitu pekee nilichokuwa nacho.

Nilipanga kuanzia miaka ya 1890. Ndipo sotoka ilipopita Afrika Mashariki na kufyeka ng'ombe. Ng'ombe walipokwisha, hapakuwa na wa kula nyasi wala wa kukanyaga vichaka, na watu wengi waliyaacha maeneo yao. Pori likarudi, na pamoja na pori wakarudi mbung'o wenye nagana. Waingereza walipochukua Tanganyika baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia walikuta sehemu kubwa ya nchi haifugiki. Bwana mmoja, Charles Swynnerton, aliongoza kazi ya utafiti wa mbung'o, makao yakiwa Shinyanga. Dawa waliyoiamini zaidi ilikuwa shoka. Kupitia watemi wao, watu waliitwa kwa maelfu kwenda kufyeka pori.

Tuseme haki: kazi ile ilizaa matunda. Mbung'o walirudi nyuma, ng'ombe wakaongezeka, watu wakapata mahali pa kukaa. Ila katika daftari la serikali, kuanzia siku hiyo, mti ulikuwa na maana moja tu, nyumba ya mbung'o. Kivuli, kuni, dawa na malisho ya mwezi wa tisa havikuwa na safu yake katika daftari hilo.

Halafu ikaja pamba. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia serikali ileile iliyohimiza kufyeka ilianza kulalamika kwamba udongo unachukuliwa na maji. Mwaka 1947 ukaanzishwa mpango mkubwa wa maendeleo ya Usukumani. Ndani yake kulikuwa na mabwawa na visima, na pia amri: lima kwa matuta, punguza ng'ombe, usikate hapa. Watu walizichukia amri hizo, hasa ile ya kupunguza mifugo, na katika miaka ya 1950 hasira hizo zikawa sehemu ya siasa za kudai uhuru. Amri nyingi zilikufa kabla ya bendera ya mkoloni kushushwa.

Pamba haikufa. Wakulima walikuwa wamechoka kupunjwa kwenye mizani ya wanunuzi, wakajenga ushirika wao, na mwaka 1955 ukazaliwa muungano wa vyama vya ushirika wa Victoria, ambao Paul Bomani alikuwa kinara wake. Babu aliongea juu ya ushirika ule kwa sauti ambayo wengine wanaiweka akiba kwa mambo ya dini. Baiskeli yake ya kwanza ilitokana na pamba. Bati la kwanza pia. Ila pamba iliongezeka zaidi kwa kuongeza ekari kuliko kwa kuongeza mavuno ya ekari moja, na kila ekari mpya ilitoka mahali fulani. Ilitoka porini, au ilitoka kwenye ngitili ya mtu.

Kisha 1974, Operesheni Vijiji. Ninyi wasomaji wa riwaya mnaijua habari hiyo kupitia *Gamba la Nyoka* ya Kezilahabi, iliyochapishwa mwaka 1979. Mimi niliijua kwanza kwa babu. Yeye alihamishwa kilomita chache tu, akapangiwa kiwanja kando ya barabara. Huwezi kusema alitupwa mbali. Lakini ngitili ilibaki kule juu bila jicho. Mtu akilala mbali na ngitili yake, nani atamzuia anayekuja na shoka usiku? Tena ilikuwa ya nani sasa? Ya babu? Ya kijiji? Ya serikali? Kitu ambacho hakijulikani ni cha nani, kila mtu anakiwahi. Babu alisema ndani ya miaka mitano ilibaki mikwaju na vumbi.

Haikuwa ya kwetu peke yake. Wakati huo Bariadi ilikuwa mkoa wa Shinyanga, maana Simiyu umezaliwa mwaka 2012 tu. Mwalimu Nyerere alipotembelea Shinyanga mwaka 1984 alishtuka kwa aliyoyaona, akaiita jangwa la Tanzania. Miaka miwili baadaye ukaanza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, kwa msaada wa Norway. Inakadiriwa kwamba mwaka 1986 ngitili zilizobaki katika mkoa mzima zilikuwa hekta kama 600. Mkoa mzima, jamani.

HASHI nayo ilianza kama miradi mingine: vitalu, miche ya kigeni, semina. Miche mingi ilikufa, watu wakaitazama inavyokufa. Kilichobadilisha mambo ni pale wataalamu walipoacha kufundisha na kuanza kuuliza. Wazee wakawaambia, mbona sisi tuna ngitili? Mizizi bado iko chini ya udongo. Funga eneo, mlinde, miti itajirudisha yenyewe. Mabaraza ya jadi na sungusungu wakapewa nafasi ya kusimamia, na vijiji vikatunga sheria ndogo. Babu alikuwa mmoja wa waliofunga tena. Hakupanda hata mche mmoja. Alizungushia miiba, akakaa.

Mradi ulipofungwa mwaka 2004, ngitili zilizorudishwa zilikuwa zaidi ya hekta 300,000, katika vijiji 833. Mwaka 2002, kwenye mkutano wa dunia wa maendeleo endelevu mjini Johannesburg, HASHI ilipewa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Na mwaka 2005 ukachapishwa utafiti uliofanywa kwa ajili ya Wizara ya Maliasili na Utalii na shirika la IUCN. Ulijaribu kufanya jambo ambalo hakuna daftari lililowahi kulifanya: kuipa ngitili bei. Wakahesabu kuni, nyasi za kuezekea, miti ya kujengea, asali, dawa, matunda, malisho, maji. Jibu lao: kama dola 14 kwa mtu mmoja kwa mwezi. Wakati huo wastani wa matumizi ya mtu wa kijijini Tanzania ulikuwa dola 8.50 kwa mwezi.

Hapo kwenye basi nilipiga mstari chini ya namba hizo mbili. Nilijua nimeshinda kikao.

Nilikuwa na la ziada pia. Mwaka 2008 Norway iliahidi Tanzania kroner milioni 500 kwa ajili ya misitu na tabianchi, na ngitili za Shinyanga zikawa moja ya sehemu za majaribio: wanakijiji wakafundishwa kupima unene wa miti ili kukadiria kaboni iliyomo. Mwaka 2017 Mfuko wa Kijani wa Tabianchi uliidhinisha zaidi ya euro milioni 100 kwa mkoa wetu, kuvuta maji ya Ziwa Victoria na kuusaidia mkoa kustahimili ukame. Mwaka 2022 serikali ikatoa kanuni za biashara ya kaboni. Wahadzabe wa bonde la Yaeda wanalipwa kwa kulinda pori lao. Vijiji vya wilaya ya Tanganyika, kule Katavi, vimejenga madarasa na zahanati kwa hela ya kaboni. Nikajiambia, hawa ndugu zangu wanataka kung'oa dhahabu walime pamba.

Karibu na Dutwa basi likapita tukiona kilima cha Wamangola. Hicho nacho kina hadithi yake. Kuanzia mwaka 2008 hivi, kampuni ya London iitwayo African Eagle Resources ilitoboa ardhi ya huku ikitafuta nikeli, madini yanayotakiwa kwenye betri za magari ya umeme. Kwa miaka kadhaa jina la Dutwa lilisomwa na wenye hisa ambao wasingeweza kulionyesha kwenye ramani. Walijua tani zilizoko chini ya udongo. Halafu wakaondoka. Kilichoko juu ya udongo hawakuwa na sababu ya kukihesabu.

Kikao kilifanyika chini ya mkwaju mmojawapo, ndani ya ngitili yenyewe. Ilikuwa imefunguliwa wiki mbili kabla, na ndama wa baba mdogo walikuwa wakila taratibu pembeni yetu. Tulikuwa watu 11. Baba mdogo akafungua, akanipa nafasi kwa sababu nimetoka mbali. Nikaongea. Nikaanza na sotoka, nikapita kwa Swynnerton, pamba, vijiji, HASHI, nikamalizia na dola 14. Niliongea kama dakika 20. Wazee walitikisa vichwa. Mmoja alisema, "Umesoma, baba."

Kisha akaongea shangazi yangu mdogo. Ni mjane, alirudi nyumbani miaka sita iliyopita akiwa na watoto watatu. Yeye ndiye aliyekuwa ameomba ngitili igawanywe.

"Mwanangu, hayo yote ni mazuri. Ila niulize kitu kimoja. Hizo dola 14, mimi zangu ziko wapi?"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

"Nyasi zinaliwa na ng'ombe. Mimi sina ng'ombe. Asali ni ya mwenye mizinga. Mimi naokota kuni, na kuni siendi nazo chuoni kulipa ada. Mtoto wangu anasoma chuo cha afya, mwaka wa pili. Nipewe ekari zangu tatu, nilime pamba, hata nikipata kidogo ni changu. Na fisi mnaowafugia humu, mbuzi waliowala mwaka jana ni wangu, siyo wa huyu wa Dar."

Nilifungua mdomo nikaufunga. Unajua, utafiti ule haukudanganya. Lakini wastani ni kitu cha ajabu: unamchukua mwenye ng'ombe 60 na asiye na hata mmoja, unawakalisha pamoja, unawapa chakula kimoja kwenye karatasi. Ngitili ina faida, ndiyo, ila faida yake inamfuata mwenye mdomo wa kuila. Asiye na ng'ombe anabaki na kuni na fisi.

Nikajaribu kaboni. Kijana mmoja wa baba mkubwa, fundi simu pale senta, akanijibu kabla sijamaliza. "Kaka, nimeshaulizia. Ekari 14 hawana habari nazo. Wanataka eneo kubwa." Alikuwa sahihi. Miti ya nchi kavu kama yetu inabeba kaboni kidogo kwa hekta ukilinganisha na msitu wa mvua, na gharama ya kupima, kuhakiki na kuandikisha haipungui kwa sababu eneo lako ni dogo. Wahadzabe na watu wa Katavi wana maelfu kwa maelfu ya hekta chini ya hati moja na sauti moja. Sisi tuna mikwaju mitatu na kikao.

Na maji ya ziwa? Tangu mradi ulipoidhinishwa mwaka 2017 mpaka mitambo ya ujenzi kuanza kuonekana, miaka kadhaa ilipita. Shangazi hakusema lolote juu ya hilo. Alinyoosha kidole kuonyesha madumu yake, basi.

Tulivunja kikao kwa ajili ya chakula bila kuamua. Nilikaa peke yangu karibu na kisima, nikapiga hesabu ambayo nilipaswa kuipiga Dar. Ekari moja ya pamba, msimu ukiwa wa kawaida, tuseme kilo 250. Ekari tatu ni kilo 750. Bei haitabiriki: msimu wa 2022 ilipita shilingi 1,500 kwa kilo, uliofuata ikashuka hadi elfu moja na kidogo. Toa mbegu, dawa, palizi, vibarua wa kuvuna. Shangazi angebaki na kama laki tatu na nusu, laki nne, na mwaka wa ukame angebaki na deni. Hiyo ndiyo ilikuwa bei ya kumwambia asubiri. Siyo kubwa sana. Lakini ilikuwa inalipwa na yeye peke yake, wakati raha ya kuwa na ngitili ya babu tulikuwa tunaifaidi wote, na mimi zaidi ya wote, niliyekuja kuitazama mara moja kwa miaka miwili.

Nikajiona. Mimi ndiye nilikuwa nchi tajiri kwenye kile kikao. Nimeshakula changu, nimesoma kwa hela ya ng'ombe waliokua humu ndani, nimeondoka, halafu narudi na takwimu kumwambia aliyebaki asiguse mti. Nchi zilizochoma makaa ya mawe kwa miaka 200 zinafanya hivyohivyo. Mwaka 2009 huko Copenhagen nchi tajiri ziliahidi dola bilioni 100 kila mwaka kwa nchi zinazoendelea ifikapo 2020. Kwa hesabu zao wenyewe lengo lilifikiwa mwaka 2022. Nimewahi kulalamika sana juu ya ucheleweshaji huo, tena kwenye meza za watu, na soda mkononi. Kumbe kwa shangazi yangu mwenyewe sikuwa nimeahidi hata senti.

Tuliporudi nilisema sina hotuba tena. Nilisema nitamlipa shangazi shilingi 350,000 kwa mwaka, kwa misimu miwili, ili ekari zake tatu zibaki zimefungwa. Nusu mwezi wa kumi na moja, nusu mwezi wa pili. Baba mdogo, kwa kuwa ng'ombe wake ndio wanaokula, alibanwa na wazee akakubali kutoa ndama jike mmoja. Alinuna, lakini alikubali.

Shangazi akafikiri. Akatoa sharti lake. "Kama nalipwa ili nisubiri, basi mimi ndiye niamue siku ya kufungua. Siyo huyu." Akamwonyesha mdogo wake kwa kidevu. Hilo ndilo lililochukua muda zaidi kuliko hela, maana katika ukoo wetu mwanamke hajawahi kushika ufunguo wa ngitili. Jua lilikuwa linazama wakati wazee walipokubali. Tukaandika kwenye daftari la shule, tukasaini, mwenyekiti wa kitongoji akashuhudia.

Sijui kama hiyo ni sera. Wataalamu wana jina refu la malipo ya aina hii. Mimi nimejifunza tu kwamba katika historia nzima niliyoipanga ndani ya basi, kila aliyefika Usukumani na daftari alijua anachotaka kuhesabu: Mwingereza mbung'o, ushirika kilo, serikali kaya kandokando ya barabara, wafadhili hekta na kaboni. HASHI ilifanikiwa palipofanikiwa kwa sababu ilimuuliza mwenye eneo. Lakini hata HASHI ilimuuliza mwenye ngitili. Asiye nayo, anayeishi pembeni yake na kulipa kwa mbuzi wake, hakuwa na zamu ya kusema mpaka alipoitisha kikao mwenyewe.

Mwezi wa kumi na moja nilituma awamu ya kwanza kwa simu, siku ileile niliyoahidi. Mvua zilianza, shangazi akafunga. Awamu ya pili nilichelewa. Kodi ya nyumba, mara gari la rafiki, mara hili mara lile. Zilipita wiki tatu. Jumapili moja asubuhi akanipigia.

"Hujambo, mwanangu?"

"Sijambo, shangazi. Shikamoo."

"Marahaba. Nyasi zimefika kiunoni. Nimewafukuza ng'ombe wa baba yako mdogo mara mbili." Akanyamaza kidogo. "Sasa na wewe usiwe kama wale wa Ulaya."

Nilituma kabla sijanywa chai.